Lebo za vitabu (eksilibrisi) za kuchonga kwenye mbao: maana, herufi, kuchonga, kuchapa na kubandika

#1 Patasi Ndogo (mleta uzi)

Wakuu, naomba tukusanye hapa yote yanayohusu lebo za vitabu zinazochapwa kwa ubao wa kuchonga. Lebo ya kitabu, au eksilibrisi, ni kile kikaratasi kinachobandikwa ndani ya jalada la mbele kumtaja mwenye kitabu. Jina limetoka kwenye maneno ya Kilatini *ex libris*, yaani "kutoka katika vitabu vya", na maneno hayo hayajakamilika mpaka jina la mtu lifuate. Picha nzuri isiyomtaja mtu ni chapa ndogo tu.

Naanza na jina kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mtu anachora bundi, rundo la vitabu na mshumaa, anaujaza ubao, halafu jina analisukumia chini kwenye kaupenyo ka milimita 4. Herufi za namna hiyo hazichongeki vizuri wala hazisomeki. Anza na jina: lipime, lipangie nafasi, ndipo picha ipate kinachobaki.

Tazameni moja ya lebo za kale kabisa tulizonazo, ya Ujerumani, karne ya 15. Mwenyewe ni Johannes Knabensberg, kasisi wa ukoo mmoja wa kikabaila huko Bavaria, ambaye watu walimwita Igler. *Igel* kwa Kijerumani ni kalunguyeye. Basi mchongaji kamweka kalunguyeye mmoja mkubwa juu ya majani yaliyoanguka, ua mdomoni, na juu yake utepe wenye maneno ya kusema: Hans Igler, kalunguyeye na akubusu. Busu la miiba! Wengi huyasoma kama onyo kwa anayeazima kitabu na kukaa nacho. Miiba yenyewe ni mikato mifupi mifupi, kisu kinaingia na kutoka, hakuna kivuli wala mandhari ya nyuma. Jina, picha ya jina na neno la mwenye kitabu vyote vimebebwa na mnyama mmoja.

Lebo ya Hildebrand Brandenburg, ya mwaka 1480 hivi, ina malaika aliyeshika ngao yenye fahali mweusi mwenye pete puani. Ilibandikwa kwenye vitabu alivyovitoa kwa monasteri ya Buxheim, na ilipakwa rangi kwa mkono. Maandishi ya jina hayamo, lakini kwa watu wa wakati ule nembo ya ukoo ilikuwa jina tosha.

Kisha mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer akamchorea rafiki yake Willibald Pirckheimer wa Nuremberg. Hapo kuna ngao mbili: moja ina mti wa betula, ambao kwa Kijerumani ni *Birke*, sauti inayokaribia jina la Pirckheimer, nyingine ina nguva wa mikia miwili, nembo ya ukoo wa mkewe. Mke huyo alifariki mwaka 1504, kwa hiyo lebo huwekwa kabla ya hapo. Maneno yake ni *Sibi et amicis*: kwa ajili yake na rafiki zake. Huyu anawakaribisha wasomaji, yule wa kalunguyeye anawatisha. Ndiyo maana kabla ya penseli kugusa karatasi, mwenye vitabu aulizwe: unataka kitabu chako kimwambie nini atakayekifungua?

Ukubwa: kwa vitabu vya kawaida, sentimita 6 kwa 8 au 7 kwa 9 zinatosha. Ikizidi hapo, kwenye kitabu kidogo lebo inameza ukurasa.

#2 Mgeni wa Mbao

Shukrani mkuu kwa uzi huu. Maswali mawili. Kwanza, ubao gani unafaa? Pili, wengine wanasema wanachonga kwa kisu, wengine kwa burini. Je, ni kitu kimoja?

#3 Nyuzi za Mti

Ni kazi mbili tofauti, na tofauti inaanzia kwenye msumeno, gogo linapokatwa.

Ukipasua gogo kwa urefu upate ubao wa kawaida kama wa meza, nyuzi zinalala kwenye uso wa ubao. Hapo unachonga kwa kisu, bobari za umbo la U na V, na patasi bapa. Hiyo ndiyo chapa ya mbao ya akina Dürer. Kisu kinapofuata nyuzi kinateleza, kinapozikata kinakaza, na ukilazimisha bobari kinyume cha nyuzi ubao unameguka.

Ukikata gogo mkingamo, kama unavyokata muhogo vipande vya duara, unapata uso ambao nyuzi zote zimesimama wima. Hapo hakuna upande wa kufuata wala wa kupinga. Burini, chuma chembamba chenye ncha ya pembe, inasukumwa kwa kiganja na kutoa mistari myembamba kama unywele pande zote. Mwingereza Thomas Bewick (1753–1828) ndiye aliyeifikisha mbali kazi hii kwenye mti wa boksiwudi, na lebo za vitabu alizichonga nyingi. Yeye aliuona ubao kuwa ni weusi mtupu, akachora kwa mwanga: kila mkato ni mstari mweupe. Sehemu alizotaka zitoke kijivu alizishusha kidogo kwa kukwangua kabla ya kuchonga, ili zipokee mgandamizo mdogo.

Kwa ubao wa urefu, mti wa mpea ndio bora: mgumu kiasi, nyuzi zimeshikana, hauna mabaka laini na magumu. Mcheri unafuata. Lindeni ni laini, unafaa kujifunzia, lakini mstari wa chini ya milimita 1 unapondeka baada ya nakala chache. Plaiwudi msiihangaikie kwa lebo yenye herufi: tabaka la juu hubanduka hasa kwenye kona za herufi.

Kwa ubao wa mkingamo, boksiwudi kwanza, kisha mepo na holi. Mti wa boksiwudi hukua polepole na kuwa mwembamba, ndiyo maana vibao vikubwa huunganishwa kwa vipande vidogo. Kwa bahati njema lebo ni ndogo, mara nyingi kipande kimoja kinatosha.

Unene: kama utachapa kwa mashine ya herufi za risasi, kibao na herufi lazima vilingane kimo, milimita 23.3 kwa kipimo cha Uingereza na Marekani. Kikipungua, weka karatasi chini yake mpaka kifike. Kikizidi, kipunguze mgongoni. Kwa kuchapa kwa mkono, sentimita 2 zinatosha. Chini ya hapo ubao hujikunja kama kigae, hasa ukilowa upande mmoja. Hifadhi vibao vikiwa vimesimama kwa ubavu, hewa ipite pande zote mbili, mbali na jua.

#4 Mwanaherufi

Niongezee kwenye herufi, maana hapo ndipo lebo inapofaulu au kufa.

Kwenye ubao kila kitu kinakaa kinyume, kama kwenye kioo. Watu hukosea hatua ya kuhamisha mchoro. Chora lebo yako sawasawa kwenye karatasi angavu kwa penseli laini ya 2B. Igeuze, upande wa penseli uangalie ubao, ibane kwa utepe wa karatasi, kisha sugua mgongo wake kwa kijiko. Penseli inahamia kwenye ubao ikiwa kinyume, na ukichapa inarudi sawa. Anayetumia karatasi ya kaboni huku mchoro unamtazama anapata maandishi yanayosomeka vizuri kwenye ubao, anafurahi, anachonga siku mbili, halafu chapa ya kwanza inatoka kinyume. Kanuni ni moja: ukiweza kuyasoma maandishi kwenye ubao bila kioo, umekosea.

Angalieni herufi zenyewe. A, H, I, M, O, T, U, V, W na Y zina ulinganifu, zikigeuzwa hazibadiliki, kwa hiyo hazikupi onyo lolote. N, S na Z ndizo hatari zaidi, kwa sababu zikigeuzwa bado zinafanana na herufi halisi na jicho linapita. Ukiandika KITABU CHA, walinzi wako ni K, B na C. Jina kama HAWA halina mlinzi hata mmoja. Hapo weka alama ya mshale pembeni ya ubao kuonyesha maandishi yanaanzia wapi.

Vipimo: kwenye ubao wa urefu, herufi kubwa isiwe chini ya milimita 5, na mstari wake mwembamba usiwe chini ya nusu milimita. Kwenye ubao wa mkingamo unaweza kushuka hadi milimita 2 za kimo. Herufi ndogo kama a na e zina matundu madogo yanayojaa wino haraka, ndiyo maana lebo nyingi za kisu zinatumia herufi kubwa tupu.

Nafasi kati ya herufi pimeni kwa macho, msipime kwa rula. Kati ya A na V sogeza. Kati ya H na I achanisha. Majina yetu yana A nyingi, na A mbili zikizunguka L au T zinaacha shimo jeupe katikati ya neno. Punguza mkono wa L, kazana na shimo hilo kwenye karatasi, kwa sababu kwenye ubao huwezi kusogeza kitu.

Na maneno ya kuongoza? *Ex libris* yanaeleweka dunia nzima na ni mafupi. "Kitabu cha" ni mafupi vilevile, yanatamkika, na kwa msomaji wa Kiswahili yanamtaja mwenyewe moja kwa moja. "Mali ya" naona yanakifanya kitabu kiwe kama kiti cha ofisi. Anayetaka kuona herufi zikibeba lebo peke yake atafute kazi za Reynolds Stone (1909–1979) wa Uingereza: jina kwa herufi za mlazo, mikia yake ikijiviringisha kuwa pambo, na hakuna kingine.

#5 Patasi Ndogo

Nakazia, na sasa tuchonge herufi moja pamoja. Tuchukue K ya milimita 6 kwenye ubao wa mpea, kwa kisu.

Kabla ya yote, elekezeni nyuzi za ubao zilale sambamba na mstari wa maandishi. Sababu ni kwamba vijiti vya kulala vya herufi, kama vya A, E na T, huwa vyembamba. Vikifuata nyuzi vinashika. Nguzo za kusimama ni nene, zinahimili kukatiza nyuzi.

Paka ubao wino mwembamba sana au rangi ya maji ya kijivu juu ya mchoro, ili kila mkato uonekane kama mstari wa rangi ya mbao. Shika kisu kama kalamu, ukilaze kiasi cha digrii 60, na ubapa wake uegemee upande wa herufi ili ukuta wa mkato ushuke ukipanuka kwenda nje. Herufi iwe kama kilima: juu nyembamba, chini pana. Ukiegemeza kisu upande mwingine unachimba chini ya herufi, na mgandamizo wa kwanza unaivunja.

Kata kwanza mistari inayokatiza nyuzi, yaani pande mbili za nguzo ya K. Mikato hiyo ndiyo kizuizi: ukija kukata kwa kufuata nyuzi, mpasuko unafika hapo unasimama. Kina ni milimita 1, si zaidi, kwa kupitisha kisu mara mbili nyepesi. Kisha geuza ubao (usigeuze mkono) ukate mkato wa pili unaokutana na wa kwanza kwa umbo la V. Unyuzi unatoka wenyewe. Ukihitaji kuung'oa, mikato haijakutana; rudia, usivute, kwa sababu ukivuta unakuja na kipande cha herufi.

Sasa mikono miwili ya K. Pembetatu ndogo inayobaki kati ya nguzo na mikono ndiyo hatari. Ikate pande zote tatu kwanza, ukianzia kwenye kona na kutoka nje, usiingie kwenye kona kwa kasi. Itoe kwa ncha ya kisu, si kwa bobari. Pembetatu nyembamba hivi haihitaji kina kikubwa, nusu milimita inatosha kwa sababu rola haiingii. Sehemu kubwa nyeupe ndizo zinazotaka kina cha milimita 2 hadi 3, la sivyo rola inazama katikati na kuacha madoa.

Acheni uzio wa milimita 2 kuzunguka kila herufi mpaka mwisho, ndipo msafishe sehemu kubwa kwa bobari. Anayeanza kusafisha kwa bobari kabla ya kuzungushia herufi kwa kisu atateleza tu, na mteleko mmoja unafuta jina la mtu.

#6 Wino Mzito

Kuchapa. Tumieni wino wa mafuta wa kuchapia, ule mzito unaosimama kwenye kisu cha wino bila kudondoka. Kwa kibao cha sentimita 7 kwa 9, punje ya wino ya ukubwa wa njegere inatosha kuanzia. Usambaze kwenye kioo kwa rola mpaka utengeneze utando mwembamba. Sikilizeni: utando ulio sawa unatoa mlio mwepesi kama kitambaa cha hariri kinachosuguliwa. Ukisikia mnato wa chwa-chwa, wino umezidi, ondoa.

Kibao kidogo kina shida yake: rola inapofika ukingoni inadondokea pembeni na kuacha wino mwingi kwenye kingo. Dawa ni reli. Weka vipande viwili vya mbao vyenye kimo sawa na kibao, kimoja kila upande, rola ipite juu ya vyote vitatu. Pitisha mara nne au tano nyepesi, ukibadilisha mwelekeo.

Kwa mkono, tumia karatasi nyembamba imara ya gramu 30 hadi 45 kwa mita ya mraba, kama zile za Kijapani za nyuzi za mti wa kozo. Ilaze, ishikize kwa kiganja, sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao kuanzia katikati. Inua kona moja uchungulie. Kama imefifia, irudishe uongeze kusugua hapo. Karatasi ya gramu 80 hadi 120 inahitaji mashine.

Nakala tano za kwanza ni za kumpa ubao wino wa kunywa, usizihesabu. Baada ya hapo chapeni asilimia 20 hadi 30 zaidi ya idadi ya vitabu, kwa sababu zipo zitakazoharibikia kwenye gundi.

Wino wa mafuta unakauka kwa kukutana na hewa, kwa hiyo zitundikeni au zitandazeni, msizirundike. Siku 3 ndiyo haraka, wiki ni salama. Lebo mbichi ikibandikwa inaacha kivuli chake kwenye ukurasa unaoitazama, na kivuli hicho hakitoki.

#7 Mgeni wa Mbao

Nimeelewa wakuu. Tatizo ni hili: matundu ya A na B yanajaa wino, huku katikati ya picha kunatoka hafifu kama kumenyunyiziwa chumvi. Na mguu mmoja wa A umevunjika. Ubao huu unaponyeka?

#8 Wino Mzito

Matundu kujaa na katikati kufifia kwa wakati mmoja kunamaanisha umeongeza wino kutibu tatizo la mgandamizo. Punguza wino mpaka matundu yafunguke. Ukiendelea kuona wino unateleza, changanya unga kidogo wa magnesiamu kabonati, unaukaza wino. Kisha shughulikia katikati peke yake: kama ni mashine, chukua karatasi nyembamba sana, chana kipande cha umbo la sehemu iliyofifia, kingo zikiwa za kuchanika na si za kukata, ukibandike nyuma ya karatasi ya kukandamizia, mahali pale pale. Chapa tena, ongeza kingine kidogo zaidi ikibidi. Kwa kijiko, sugua hapo muda mrefu zaidi.

Kagua pia kwa ukingo wa rula ya chuma ukiangalia mwanga unaopita chini yake. Ubao uliojikunja hautibiki kwa wino.

Usafishe ubao kwa mafuta ya kula na kitambaa, kisha mswaki laini kwenye mikato. Maji weka mbali.

#9 Nyuzi za Mti

Mguu wa A: kama ni kubonyea tu, dondoshea tone moja la maji ya moto, subiri dakika chache, nyuzi zitafura na kurudi. Kama umekatika, weka kiraka. Toboa kwa kekee tundu la milimita 4 hadi 6 linalozunguka sehemu iliyoharibika, kina milimita 5. Chonga kigingi cha mti uleule, nyuzi zake zikilala upande uleule, kiwe kimezidi kidogo sana upana. Kigonge bila gundi nyingi, kiache kimesimama juu ya uso kidogo, kisha kipunguze kwa patasi kali mpaka kilingane, ukimalizia na msasa laini uliozungushiwa kipande bapa cha mbao. Usipige msasa kwa kidole, utachimba bonde. Chora mguu upya, uchonge.

Vibao vya kale vina viraka vya namna hii, na kwenye chapa zake utaona duara hafifu au mstari mdogo mweupe pale kigingi kilipoachia.

#10 Mtunza Rafu

Naombeni nafasi kwa ajili ya kitabu chenyewe, maana lebo nzuri inaweza kukiua kitabu.

Karatasi isiwe na asidi: pamba au kozo. Karatasi ya massa ya mbao ya bei rahisi inageuka kahawia, na mraba huo wa kahawia unahamia kwenye ukurasa wa mbele yake. Isizidi gramu 120, nene zaidi inasukuma jalada lisifunge.

Kisha mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Karatasi ikilowa inapanuka zaidi kwa kukingama nyuzi zake. Nyuzi za lebo zikiwa sambamba na mgongo wa kitabu, mambo yanakwenda salama. Zikikingama, lebo ikikauka inalivuta jalada na kulipinda. Kujua mwelekeo, kata kipande kidogo, lowesha upande mmoja: kitajiviringisha kama bomba, na bomba linalala kufuata nyuzi. Fanyeni hivyo kabla ya kuchapa, si baada.

Gundi ni ya wanga wa ngano. Kipimo kimoja cha wanga kwa vinne au vitano vya maji, loweka nusu saa, pika moto mdogo ukikoroga dakika 20 hadi 30 mpaka uwe kama uji unaong'aa. Upoze, uchuje kwa chujio laini mara mbili, uongezee maji mpaka ufanane na mtindi. Kwenye jokofu unakaa siku 3 hadi 5; ukinuka uchachu, mwaga. Uzuri wa gundi hii ni kwamba inaachia kwa maji hata baada ya miaka mingi. Gundi nyeupe ya plastiki haiachii, gundi ya mpira inatoa doa la njano, na karatasi zinazojibandika zenyewe, gundi yake inatambaa nje ya kingo na kushika kurasa.

Namna ya kubandika: laza lebo kifudifudi kwenye karatasi ya kutupa, paka kutoka katikati kwenda nje, kisha subiri dakika moja. Hapo ndipo wengi wanakosea. Karatasi inaendelea kupanuka baada ya kupakwa. Ukiibandika papo hapo inapanukia juu ya jalada na kufanya makunyanzi. Ikishatulia, iweke, funika kwa karatasi safi, sugua juu ya hiyo karatasi. Weka karatasi ya nta, juu yake karatasi ya kunyonya, funga kitabu, kiwekee uzito saa 12 hadi 24.

Kitabu adimu au cha kale usikipake lebo yote gundi. Paka ukanda wa milimita 3 kwenye ukingo wa juu tu, ining'inie. Au iache ndani ya bahasha isiyo na asidi pamoja na kitabu.

#11 Mwanaherufi

Kabla hatujafunga, kuna namna ya pili kabisa ya kufanya kazi hii, ya Japani. Lebo za Kimagharibi zilijulikana huko hasa mwaka 1900, jarida la *Myōjō* lilipochapisha za Emil Orlik, msanii aliyekuja kutoka Ulaya kujifunza kuchapa kwa mbao za Kijapani. Wajapani wakaipokea lebo na kuifanya yao. Badala ya *ex libris* wanaandika jina na neno *zōsho*, yaani vitabu vilivyotunzwa na mtu.

Ubao ni wa mcheri. Wino ni rangi ya maji na uji kidogo wa wali, unapakwa kwa brashi. Karatasi ya kozo inatiwa unyevu kwanza, inasuguliwa kwa bareni, kile kisahani kilichofunikwa ganda la mwanzi. Kila rangi ina ubao wake, na zote zinakutana kwa sababu ya *kento*: kona ya umbo la L na mstari mmoja, vimechongwa kwenye ubao wenyewe nje ya picha, karatasi inaegemezwa hapo kila mara. Kento ikichongwa baada ya picha, rangi hazikutani kamwe, ichongeni kwanza. Mkitumia lebo ya namna hii, jaribuni gundi ya maji kwenye nakala mbovu kwanza, rangi nyingine zinatoka.

#12 Patasi Ndogo

Umenena mkuu. Kwa wanaokusanya au kubadilishana: nyuma au chini ya lebo mtaona alama kama X1 au X2/3. Huo ni utaratibu uliokubaliwa Barcelona mwaka 1958. X1 ni ubao wa urefu, X2 ubao wa mkingamo, X3 linoleamu, C3 shaba iliyoliwa na tindikali. Namba baada ya mkwaju ni idadi ya rangi. Andikeni alama sahihi. Zipo lebo zinazoonekana kama mbao kumbe ni mchoro wa kalamu uliohamishiwa kwenye bamba la chuma, kama nyingi za Mmarekani Rockwell Kent. Kioo cha kukuzia kinasaidia: mstari mweupe wa burini unaanza na ncha kali, unanenepa, unaisha na ncha, mstari wa kalamu una ncha za mviringo na ni mweusi ndio uliochorwa.

Anayetaka kuona nyingi kwa pamoja, British Museum ya London ina mkusanyiko wa Augustus Wollaston Franks, aliouacha kwa wosia mwaka 1897, lebo maelfu kwa maelfu.

#13 Mgeni wa Mbao

Swali la mwisho wakuu. Kitabu kilichokwisha kuwa na lebo ya mwenye zamani, naibandua?

#14 Mtunza Rafu

Hapana, ndugu yangu. Lebo ya zamani ndiyo ushahidi wa mikono ambayo kitabu kimepitia, na ukiibandua unachana karatasi ya jalada pamoja nayo. Iache ilipo. Yako iweke kwenye ukurasa mtupu unaoitazama, chini kulia, kwa ukanda wa gundi wa milimita 3. Kama ukurasa huo umeandikwa au kupigwa mhuri, weka yako ndani ya jalada la nyuma. Na ikiwa lebo ya zamani imeanza kuachia yenyewe, tia gundi ya wanga nyembamba chini ya kona kwa brashi ndogo, weka karatasi ya nta, funga, uzito hadi kesho.

#15 Patasi Ndogo

Na ubao ukimaliza kuchapa usiutupe. Usafishe kwa mafuta, uufute, funga nakala moja safi kuuzunguka, andika mgongoni jina la mwenye lebo, mwaka na idadi iliyochapwa. Mwenye vitabu akiongeza rafu, utauhitaji.